Harusi Mbili za Charlotte Palace

Simu ililia Priscille akiwa anamsugua mwanawe Davy mgongo ndani ya beseni. Alijipangusa mkono kwenye kitenge, akaona jina la Mama Charlotte, akapokea akitabasamu. Mteja anayepiga asubuhi mapema mara nyingi ana kazi ya kutoa.

"Priscille, iko muzee mbele yangu hapa," Mama Charlotte alisema bila hata salamu. "Anasema alishika salle yangu ya samedi. Acompte, pesa ya kutanguliza, alituma kupitia ile site yako. Samedi hii! Samedi ya bokilo yako Mireille!"

"Haiwezekane, Mama Charlotte. Ile tarehe nilifunga miye mwenyewe." Jumamosi hiyo wifi yake Mireille alikuwa anafanya karamu ya harusi katika Charlotte Palace, ukumbi wa Mama Charlotte.

"Haiwezekane, lakini muzee iko hapa, ananionyesha mu simu. Kuya. Kuya mbio."

Mama Berthe, mama mkwe wake, alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage ya karamu. Hakuna neno lililompita.

"Nini tena, Mama Davy?"

"Iko shida kidogo ku site ya Mama Charlotte, mama."

Mama Berthe aliacha maharage. "Site? Mama Charlotte naye amekimbia? Bamemupeleka mu site gani?"

Hapa Bunia, mashariki ya Kongo, ukisema site, wengi huona vibanda vya waliokimbia vita. Mama Berthe mwenyewe alitoka Djugu na vifurushi viwili, na mpaka leo alikuwa na ndugu karibu katika kila site ya mji. Priscille alicheka bila kutaka.

"Hapana, mama. Site ya internet. Ile ninafanyaka mu ordinateur."

"Aa. Ile," alisema Mama Berthe, akarudia maharage yake. Mwanawe Hippolyte aliuza vipuri vya pikipiki sokoni, na hiyo ilikuwa kazi: mtu anakuja na taabu, anaondoka na mnyororo mkononi. Kazi ya mkamwana wake hakuiona mahali. Aliona mwanga tu, na mtu aliyekaa mbele yake akigusagusa.

Priscille alimkabidhi Davy kwa bibi yake, akiwa bado anachuruzika maji, akafungua kompyuta. Kalenda ya Charlotte Palace ilikuwa nyeupe kabisa. Hakuna Jumamosi iliyofungwa, wala ya wiki hii wala ya Krismasi. Yeyote duniani aliweza kushika ukumbi siku yoyote. Alipoingia upande wa nyuma, ule ambao wateja hawauoni, alikuta mstari mwekundu ukimsubiri: leseni imesimamishwa, imetumika kwenye tovuti nyingi kuliko ilivyoruhusiwa.

Alifunga macho. Alijua alichofanya. Programu ile ya kushika nafasi iliuzwa kwa mwaka, leseni moja kwa tovuti moja. Yeye alikuwa amenunua moja, akaiweka kwa Mama Charlotte, kwa daktari wa meno, na kwa wenye jeep za abiria wa kwenda Aru, kila mmoja akatoa sehemu yake. Hakuweka faida hata kidogo. Watu wa Bunia hununua gunia la mchele pamoja na kugawana, na hajawahi kuonekana mwenye mchele akija kulalamika. Lakini mwenye programu hii alikuwa amehesabu. Alipozima leseni, programu ilirudi kuwa ile ya bure, na ile ya bure haikujua kufunga tarehe.

*

Charlotte Palace ilikuwa na bati jipya jekundu na nguzo zilizopakwa rangi ya dhahabu. Wafanyakazi walikuwa uani wakiosha viti vya plastiki. Mama Charlotte alimngoja Priscille pale pale katikati yao, ingawa ofisi yake ilikuwa wazi.

"Huyu njo yeye!" alisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Mutoto wa computer! Aliniambia mambo yote itafanya yenyewe, miye nitakaa tu. Tazama sasa!"

Wafanyakazi waliinua vichwa. Priscille aliwajua wote, na mmoja alikuwa amesoma naye. Alimsalimu kwanza mzee aliyekaa kwenye kiti kilicholowa, kofia mapajani.

"Jambo, papa."

"Jambo, mwana wangu. Miye Augustin. Natokea Mahagi, kule ku ziwa." Sauti yake ilikuwa ya taratibu. "Mutoto wangu Léon iko naoa samedi. Yeye njo alishika salle mu simu, akaniambia, papa, usiangaike, imekuwa sawa. Nami sikuangaika. Batu bangu bako mu barabara tayari."

Priscille aliwaeleza. Hakuona njia ya kupamba. Alisema kalenda ile si yake wala si ya Mama Charlotte, ina wenyewe mbali, nao wanaikodisha mwaka kwa mwaka, tovuti moja kwa leseni moja. "Miye niliweka moja ku site tatu," alisema, "juu ya kupunguzia batu bei. Bamejua, bamefunga. Kosa ni yangu."

"Lakini miye nililipa!" Mama Charlotte alisema.

"Ulilipa kipande, mama. Nilikuambia tunagawana."

"Uliniambia bei itashuka. Hukuniambia kalenda itakufa."

Priscille aliitika kwa kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli. Mzee Augustin alimtazama Mama Charlotte, kisha akamtazama yeye.

"Basi mama anirudishie acompte yangu, nitafute fasi ingine," alisema.

Hapo sauti ya Mama Charlotte ilishuka ghafla. Alianza kueleza kwamba ni msimu wa harusi, kumbi zote za mji zimeshikwa, mzee atahangaika bure. Aliposhurutishwa kidogo, akaonyesha kwa kidevu groupe mpya, jenereta ya umeme, iliyosimama pembeni, bado na nailoni yake. Acompte ya Mama Berthe na acompte ya Mzee Augustin zote zilikuwa zimo humo ndani, pamoja na mafuta; pesa zilipoingia kwenye simu yake, hakuuliza zimetoka kwa nani.

Mfanyakazi mmoja alikohoa ili asicheke.

"Kwa hiyo," alisema Mzee Augustin, akivaa kofia yake, "salle ni moja, harusi ni mbili, franga imekuwa moteur. Nani ataenda kumuelezea ule mama mwenye harusi ingine?"

"Miye, papa," alisema Priscille. "Ni mama mukwe wangu."

Mzee alimtazama muda kidogo. "Pole sana," alisema, na alimaanisha.

*

Jumanne hiyo hiyo Hippolyte alikuwa amefunga duka mapema ili awepo. Alikaa karibu na mke wake kwenye mkeka, na kila Priscille alipokwama katika maelezo, yeye alitikisa kichwa kama mtu anayesukuma gari lililozima. Mireille, bibi harusi, alisimama mlangoni na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

Mama Berthe alisikiliza mpaka mwisho.

"Nisikie vizuri," alisema. "Bageni banakuya, banakuta bageni bengine bamekaa ku viti vyao."

"Njo vile, mama."

"Na ni weye ulifanya."

"Njo miye."

Mireille alianza kulia. Hippolyte alisema kwamba wanaweza kufanya karamu hapa uani, waazime turubai, lakini hata yeye aliona uani ulivyo: choo, kamba ya nguo, bata wa jirani. Mama Berthe hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Priscille zaidi.

"Unajua juu ya nini nilitaka salle?" Mama Berthe alisema mwishowe. "Kule nyumbani kwetu kulikuwa kiwanja, batu bote banaenea. Tangu tulikimbia, dada yangu iko kwake, kaka yangu iko kwake, tunaonanaka ku matanga tu. Nilisema, mara moja, siye bote tukule fasi moja, na si matanga. Njo hivi tu."

"Mama, nisamehe."

"Nitakusamehe dimanche, harusi ikiisha. Leo ni mardi, niko na kazi." Aliinuka kwa kushika goti. "Ule muzee wa Mahagi, nitaongea naye miye mwenyewe. Weye utatengeneza hiyo kalenda yako, kabla mutu wa tatu hajashika ile samedi."

Priscille hakungoja. Katika bahasha iliyokuwa chini ya godoro la Davy kulikuwa na pesa za kununua pagne ya familia, kitenge cha sare, ile ya zambarau ambayo wanawake wote wa upande wa Mireille walikuwa wanashona. Alichukua zote, akazijaza kwenye simu, akazihamisha kwenye kadi, akanunua leseni tatu, kila moja kwa jina la mteja wake. Kalenda zilifungika tena, moja baada ya nyingine. Daktari wa meno alikuwa amepata wagonjwa wawili wa saa ile ile, nao walikuwa wamekubaliana wenyewe mlangoni: aliyevimba shavu zaidi aingie kwanza.

"Na pagne?" Hippolyte aliuliza.

"Nitavaa ile ya mwaka jana. Nani ataniangalia? Bataangalia Mireille."

Hippolyte alijua wataangalia. Mwanamke mmoja asiye na sare katikati ya wenzake huonekana toka barabarani. Lakini wiki ile minyororo ya pikipiki haikutoka, na yeye hakuwa na kitu cha kuongeza. Alimshika mke wake begani, wakakaa hivyo.

*

Mazungumzo yalifanyika kesho yake katika ukumbi wenyewe, mezani palipo na maua ya plastiki. Mama Berthe alikuja na Hippolyte na Priscille. Mzee Augustin alikuja peke yake, na fuko la samaki wakavu kama zawadi, jambo lililomkera Mama Berthe kidogo, kwani alikuwa amejiandaa kugombana.

"Mama, tugawane siku," mzee alianza. "Bamoja batangulie, bengine bafuate."

"Nani atatangulia? Mutu akishakula na kucheza, utamutoa namna gani? Bakwetu hawatokake."

"Ata bangu hawatokake," alikiri mzee.

Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza kila mmoja alionekana kumwelewa mwenzake.

"Basi bakae bote," alisema Mama Berthe. "Lakini rangi ni violet. Tulisha kushona."

"Siye tulichagua jaune," alisema mzee, akigusa ua la manjano mezani.

"Jaune!" Mama Berthe aligeuka kwa Hippolyte kana kwamba ametukanwa. Hippolyte alitazama dari.

"Tunaweza kuweka upande mumoja violet, upande mwingine jaune," Priscille alisema polepole, "na bamaharusi bane bakae mbele, ku meza moja murefu."

Mama Charlotte, ambaye alikuwa akisikiliza akijifanya anapanga vikombe, alisogea. "Ni sawa kabisa. Na kila familia italipa salle yake, kama tulivyosema."

"Salle yake gani?" Mama Berthe na Mzee Augustin waliuliza pamoja.

Kilichofuata kilimfurahisha hata Priscille. Wale wawili, walioingia pale kama wapinzani, walimgeukia Mama Charlotte kutoka pande mbili. Mama Berthe alihesabu viti, mzee alihesabu nguzo, na wote wawili walikubaliana kwamba nusu ya ukumbi ina bei ya nusu ya ukumbi. Mama Charlotte alimwita Mungu, akawataja watoto wake, akaonyesha groupe. Mwisho alikubali nusu kwa nusu, na mafuta ya groupe juu yake.

"Inabaki neno moja," alisema Mzee Augustin, akikuna shingo. "Siye ni bakatoliki, mama. Karamu bila pombe, batu bangu batafikiri kuna mutu alikufa."

Mama Berthe alijinyoosha. "Pasteur wangu wa kanisa atakuwa mulemule, na siye hatunywake pombe."

Hapo palikuwa pagumu kuliko rangi. Hippolyte, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, alikohoa.

"Ndani ni sucré tu, hakuna pombe," alisema. "Nje, nyuma ya salle, iko fasi ya parking. Mutu akisikia joto, anaenda kuangalia kama pikipiki, moto yake, iko salama."

Mzee Augustin alifikiri. "Parking," alisema. "Bangu banapenda sana kuangalia moto yao."

Mama Berthe alimtazama mwanawe kwa jicho la kumwuliza alijuaje mambo haya, lakini hakukataa.

*

Jumamosi mchana magari mawili yenye maua yalifika Charlotte Palace karibu kwa pamoja, yote yakipiga honi, na hakuna dereva aliyetaka kumpisha mwenzake. Michée, mume wa Mireille, na Léon, mwana wa Mzee Augustin, walishuka kila mmoja upande wake, wakatazamana wakiwa wamevaa suti zinazofanana, zilizoshonwa na fundi mmoja. Léon alianza kucheka. Michée naye akacheka. Maharusi wakapishana wao, na madereva wakabaki wakigombana.

Ndani, zambarau ilikuwa kushoto na manjano kulia, kama mashabiki wa timu mbili. Kwa saa ya kwanza hakuna aliyevuka katikati. Kisha samaki wa ziwa wakaletwa upande wa zambarau, mbuzi wakapelekwa upande wa manjano, na watu wakaanza kufuata sahani. Dada yake Mama Berthe, aliyekuja kwa miguu kutoka site na kanga iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, alikutwa amekaa katikati ya wanawake wa Mahagi akiwafundisha wimbo. Pasteur alisifu nidhamu ya vijana, jinsi wanavyojali pikipiki zao.

Priscille alijificha kwenye kazi. Alibeba sahani, akafuta meza, akambeba Davy, ili asisimame pale wanawake wa familia walipokuwa wanapangwa kwa ajili ya kuingiza zawadi. Lakini shangazi mmoja wa Hippolyte alimwona.

"Mama Davy! Pagne yako iko wapi? Ama weye si wa kwetu?"

Alisema kwa utani, na wengine wakacheka kwa utani, lakini vichwa viligeuka. Kitenge cha Priscille kilikuwa cha kijani, na rangi yake ilikuwa imechoka magotini. Alifungua mdomo kusema fundi amechelewa.

Mama Berthe alikuwa mbele ya mstari. Aligeuka, akarudi mpaka nyuma, akasimama mbele ya mkamwana wake. Alikwishaiona ile bahasha tupu siku ya Jumanne, alipokuwa anatandika kitanda cha Davy. Alifungua pagne yake ya pili, ile inayofungwa juu ya ya kwanza ili mwanamke aonekane mtu mzima, akamzungushia Priscille kiunoni, akakaza fundo kwa nguvu kiasi cha kumtoa pumzi.

"Huyu njo alinunua hizi harusi zote mbili," alimwambia yule shangazi. "Pagne yake ilibaki mu ordinateur. Kama unataka, mufuate kule."

Shangazi hakuelewa, lakini alipiga kigelegele, kwani hakukuwa na jibu lingine. Mstari ukaanza kusogea. Priscille aliingia ukumbini na zambarau juu ya kijani, akilia na kucheza kwa wakati mmoja, Davy akimshikilia shingo.

Hippolyte hakuona. Alikuwa parking, akiangalia moto.

*

Jumatatu, Mzee Augustin alibisha mlangoni akiwa na kofia yake na fuko jingine la samaki. Alikuwa anarudi Mahagi, lakini kabla ya kuondoka alikuwa na neno. Mama Berthe alimpa kiti kizuri, naye mwenyewe akakaa karibu, kwani sasa alijihesabu kuwa mtu wa kazi hiyo.

"Mwana wangu," mzee alimwambia Priscille, "niko nauza samaki toka zamani. Bateja bangu ba Bunia bananisumbua mu simu mpaka betri inaisha. Nataka site. Batu baone samaki iko ama haiko."

Priscille alivuta daftari lake, akaeleza. Kazi yake ni kiasi fulani, mara moja. Nyumba ya tovuti, yaani mahali inapokaa kwenye mtandao, ni kiasi fulani, kila mwaka. Leseni ni kiasi fulani, kila mwaka, kwa jina la mzee mwenyewe, na asipolipa itazimika.

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, papa. Si kununua, ni kupanga."

"Kama nyumba," alisema Mama Berthe, akimfafanulia mzee. "Unapanga. Usipolipa, mwenye nyumba anakuja kutoa mulango."

Mzee alikubali kwa kichwa. Alifikiri kidogo, kisha akasogeza kiti, akashusha sauti kama anavyofanya mtu anayekuja kwenye bei ya kweli.

"Niko na ndugu yangu, Louis. Naye anauzaka samaki, kule Mahagi. Tumbo moja, mama moja. Umuwekee naye site yake. Tutalipa licence moja, tutagawana. Ni siye kwa siye."

Priscille aliona jinsi ambavyo wiki mbili zilizopita angekubali hata kabla mzee hajamaliza. Ilikuwa rahisi, na mzee alikuwa mtu mwema, na fuko la samaki alilompa lilikuwa bado mapajani mwake.

"Hapana, papa," alisema. "Site mbili, licence mbili."

Mzee Augustin alimtazama. Akamtazama Mama Berthe, aliyekuwa amekunja mikono, imara kama askari wa forodha. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Basi! Harusi mbili uliingiza mu salle moja, ukatuchezesha mpaka jioni," alisema, akicheka hadi kofia ikaanguka. "Na leo licence moja unakataa kuingiza mu site mbili!"

Mama Berthe alicheka mpaka akashika mbavu. Priscille aliokota kofia, akaipangusa vumbi, akamrudishia mzee kwa mikono miwili.

"Jina la papa Louis linaandikwa namna gani?" aliuliza, akafungua ukurasa wa pili.